Mama Ngiri na Leseni ya Viazi

Enzi hizo wanyama walikuwa bado wanajua kupanga foleni. Ninyi mnaowaona leo wakisukumana kwenye maji msidhani walizaliwa hivyo. Yako mambo yaliyowachosha, na hili ninalowasimulia ni mojawapo.

Mwaka ule mvua iliaga ikaenda zake, wala haikusema itarudi lini. Nyasi zilikauka, miti ikapukutisha majani, na mto ukabaki mchanga mtupu. Maji kidogo yaliyosalia yalikuwa chini kabisa ya mchanga huo, na wa kuyafikia alikuwa Tembo peke yake. Tembo hakuwa mchoyo, lakini naye alikuwa na tumbo, tena si dogo. Akasema, "Mimi nitachota. Atakayeniletea kitu cha kutia mdomoni nitampa maji. Tubadilishane tu, jamani, tusitiriane."

Hapo kila mnyama akajikuna kichwa kufikiri ana nini cha kuuza. Nyani alijua ulikobaki ukwaju. Kobe alikuwa na matikiti pori aliyoyaficha tangu masika, maana Kobe ni mtu wa kuweka akiba hata ya jua. Na Mama Ngiri alikuwa na viazi pori. Ardhi ilipokuwa ngumu kiasi cha kuwashinda wengine wote, yeye alipiga magoti, akaingiza pembe zake chini na kung'oa viazi ambavyo hakuna mwingine aliyejua kwamba viko. Akavifukia kwenye majivu ya moto mpaka ganda linapasuka na harufu inatoka. Harufu ile, nawaambieni, iliwahi kumfanya Twiga ainamishe shingo.

Mama Ngiri alikuwa mjane na watoto wake walikuwa wadogo. Kitinda mimba wake, Kishungi, alikuwa ameanza kulala mchana kutwa na ulimi nje. Alichohitaji Kishungi ni maji, na mama yake alikuwa na viazi vya kununulia maji hayo. Jambo lingekwisha siku hiyo hiyo, kama si Simba kusikia.

"Ati watu wanauziana vitu katika nchi yangu," Simba alinguruma, "na hakuna hata mmoja anayenitaja?"

Msimwelewe vibaya. Simba hakutaka viazi wala ukwaju. Alichotaka ni kuombwa. Akatoa amri kwamba kuanzia siku ile hakuna kufanya biashara yoyote bila leseni, na leseni ni kipande cha udongo chenye alama ya unyayo wake yeye mwenyewe. Atakayekutwa anauza bila leseni atapigwa unyayo huohuo mgongoni, na safari hiyo hautakuwa na udongo.

Basi ofisi ikafunguliwa kwenye pango la mlimani. Chumba cha ndani alikaa Simba na tope lake la muhuri. Kwenye mlango wa chumba hicho alisimama Nyumbu, mlinzi, mnyama mwaminifu sana ambaye hakuwahi kusumbuliwa na wazo lake mwenyewe. Na hapo nje, kwenye jiwe lenye kivuli, aliketi Afisa Leseni. Afisa Leseni alikuwa Fisi.

Jinsi Fisi alivyoipata kazi ile hakuna ajuaye kwa hakika. Wengine husema alikwenda kuomba kazi akiwa ameshiba, na siku hiyo alionekana mtu wa maana kweli.

Mama Ngiri alidamka, akajaza kikapu, akapanda mlima. Foleni ilikuwa ndefu, jua lilikuwa kali, lakini hatimaye zamu yake ikafika.

"Shikamoo, Bwana Afisa."

"Marahaba, mama. Kikapuni mna nini?"

"Nimekuja kuomba leseni ya—"

"Nimeuliza kikapuni."

"Viazi, Bwana Afisa. Vya kuchoma."

Fisi aliurudisha udenda uliokuwa unamdondoka. "Hapo sasa tunaelewana. Serikali haiwezi kuruhusu chakula isichokijua. Wananchi wakiumwa matumbo ataulizwa nani? Si mimi? Lete sampuli."

Mama Ngiri akampa kiazi kimoja. Fisi akakitupia kinywani, akafumba macho, akafikiri.

"Kiazi kimoja hakitoi picha kamili," alisema.

Akapewa cha pili, kisha cha tatu. Picha ilizidi kukamilika mpaka kikapu kikabaki na majivu.

"Vizuri sana," Fisi alisema akijifuta mdomo. "Kazi yako nimeiona. Sasa njoo kesho."

"Na leseni?"

"Mheshimiwa yuko kikaoni, mama. Mimi nafanya nini? Njoo kesho. Na sampuli usisahau."

Kesho yake alirudi. Fisi akasema jana viazi vilikuwa vitamu, kwa hiyo lazima ithibitishwe kama leo navyo ni vitamu, au utamu ule ulikuwa wa bahati tu. Vilithibitishwa vyote. Siku iliyofuata akasema maombi yamekwishapanda juu, ila yalipofika juu yameonekana hayana sampuli. Kobe, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni, alikuwa ameshapeleka matikiti mpaka ghala lake limebaki na mbegu. Nyani alipeleka ukwaju hadi akaanza kupeleka kokwa. Na hakuna hata mmoja aliyetoka na kipande cha udongo shingoni.

Mtauliza, kwa nini Fisi asiwape watu leseni zao? Fikirini wenyewe. Mwenye leseni haleti sampuli.

Sasa mlimani pale, kando ya foleni, alikuwa na kijiwe chake Sungura. Hakuajiriwa na ofisi, hakuwa mwombaji, lakini aliijua ofisi kuliko aliyeijenga. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu ushauri. Asubuhi moja Mama Ngiri alipokuwa anapita, akamwita pembeni.

"Dada yangu, wewe unapigwa danadana. Nipe kiazi kimoja nikuambie siri."

Mama Ngiri alisita. Vile alivyokuwa navyo siku hiyo vilikuwa vya mwisho. Shamba lake la porini lilikuwa limekwisha, pembe moja ilikuwa imepata ufa kwa kuchimba mawe, na asubuhi hiyo Kishungi alishindwa kusimama. Alimwacha amelala kwenye shimo lao, kichwa juu ya mgongo wa kaka yake. Lakini mtu aliyechoka hununua hata upepo. Akampa Sungura kiazi.

Sungura akakificha nyuma ya sikio. "Siri ni hii. Peleka sampuli kubwa zaidi."

"Hiyo ndiyo siri?"

"Ndiyo. Isingekuwa siri ungeifahamu."

Mama Ngiri aliondoka pale akiwa na hasira na akiwa na upungufu wa kiazi. Akapanga foleni. Alipofika mbele, Fisi hakusubiri hata salamu. Tumbo lake siku hizo lilikuwa linafika kwenye jiwe kabla yeye mwenyewe hajaketi. Akavuta kikapu, akala kimoja baada ya kingine, ganda na majivu, huku Mama Ngiri amesimama anamtazama. Kila kiazi kilipopita kooni mwa Fisi, yeye aliona maji ya mtoto wake yanamwagika mchangani.

"Njoo kesho," alisema Fisi.

"Bwana Afisa, kesho sina. Hivyo ndivyo vya mwisho."

"Basi njoo keshokutwa."

"Mwanangu anakufa kwa kiu. Naomba unipeleke kwa Mheshimiwa nimwombe mwenyewe. Hata sasa hivi."

Fisi akacheka. Na mnakijua kicheko cha Fisi: kikianza hakina breki. Alijitupa chali juu ya jiwe, tumbo juu, macho kayafumba, miguu inapiga hewa. "Ati umwombe mwenyewe! Nyumbu! We, Nyumbu! Mtoe huyu mama!" Kisha akageuza kichwa na kukenua meno yote kwa mkupuo, kumtisha tu, akarudi kucheka.

Mama Ngiri aliona yale meno. Akashtuka. Na ngiri akishtuka hafikiri. Kule kwao mtu akitishwa, anatafuta shimo lililo karibu na kuingia kinyumenyume, makalio kwanza, ili uso na pembe zibaki mlangoni. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake. Shimo lililokuwa karibu lilikuwa mlango wa chumba cha ndani. Mama Ngiri akasimamisha mkia, akarudi nyuma kwa kasi, tako lake likapotelea gizani.

Nyumbu alikuwa ameuacha mlango, akija mbio jiweni kutekeleza amri. Aligeuka, akarudi mlangoni, akakuta kichwa cha Mama Ngiri kinamtazama kutoka ndani. Sasa, Nyumbu alikuwa amepewa kanuni mbili na Fisi: anayeingia mzuie, anayetoka mpigie saluti. Mtu anayeingia, Nyumbu alijua, anaonyesha mgongo. Huyu alikuwa anaonyesha uso. Nyumbu akagonga kwato.

"Pole na shughuli, mama. Karibu tena."

"Nyumbu!" Fisi aliita katikati ya kicheko, macho bado kayafumba. "Ametoka?"

"Anatoka, bosi."

"Safi sana."

Na Mama Ngiri akazidi kurudi nyuma.

Ndani kulikuwa na giza na ubaridi mzuri. Alirudi, akarudi, mpaka mkia wake ukagusa kitu cha moto. Kitu hicho kilikuwa kinapumua. Mama Ngiri akaganda, maana alikumbuka chumba kile ni cha nani.

"Nani huyo," sauti ilisema, "anayenipa kisogo nyumbani kwangu?"

Shikeni hapo mjue alivyokuwa. Mbele kulikuwa na Nyumbu na Fisi. Nyuma, kwenye mkia kabisa, kulikuwa na pua ya Simba. Akapiga magoti pale pale, na sauti ikamtoka yenyewe.

"Ni mimi, Ngiri, Mheshimiwa. Sikupi kisogo. Kwetu sisi mtu akiingia nyumba anayoiheshimu anatanguliza nyuma, ili uso ubaki mlangoni umlinde mwenye nyumba. Baya lolote likija linikute mimi kwanza."

Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana aliisema vizuri. Tangu Simba azaliwe, watu walikuwa wanajilinda naye asiwafikie. Hakuna aliyewahi kumlinda. Shingo yake ikanyooka gizani.

"Mna adabu sana huko kwenu," alisema. "Na umepiga magoti bila kuambiwa. Geuka nikuone. Umekuja kufanya nini?"

"Kuomba leseni, Mheshimiwa."

Kisha Simba akasema, kwa sauti ndogo ambayo Mama Ngiri hakuitegemea, "Leseni? Kutoka kwangu?"

Hapo ndipo macho ya Mama Ngiri yalipozoea giza. Akaona beseni la tope laini, na vipande vya udongo vimepangwa ukutani, vyote vitupu, havijapigwa unyayo hata kimoja. Na pembeni kulikuwa na kibuyu cha maji. Mfalme alikuwa anatumia maji yake ya kunywa kulainisha tope la muhuri, siku baada ya siku, akisubiri mtu.

"Fisi huja kila jioni kunipa taarifa," alisema Simba. "Husema, hakuna mtu, Mheshimiwa. Wananchi wanasema wanaweza kuishi bila unyayo wako."

"Mheshimiwa, foleni imefika mpaka mtoni!"

"Foleni ya nini?"

"Yako. Tunaambiwa uko kikaoni."

"Kikao na nani?" aliuliza Simba, akatazama pembe zote za chumba kile kitupu.

Mtasema, kwa nini siku zote hizo hakutoka akajionea mwenyewe? Hamumjui Simba. Atoke nje kuchungulia kama kuna anayemwomba? Hilo asingelifanya hata kwa dawa. Afadhali afe kwa upweke akiwa mfalme. Lakini kudanganywa ni jambo lingine. Simba aliinuka, akampita Mama Ngiri, akatoka nje, na Nyumbu akampigia saluti nzito kiasi cha kujiangusha.

Kicheko cha Fisi kilikatika kama kamba.

Simba alisimama juu ya jiwe akaitazama foleni. Ilishuka mlima, ikapinda, ikapotelea kwenye vumbi la mtoni. Nyani alikuwa mbavu tupu. Swala walikuwa wameegemeana. Hata Kobe alionekana gamba limemzidi.

"Fisi, hawa ni nani?"

"Hawa, Mheshimiwa?" Fisi alifyata mkia. "Hawa ndiyo kwanza wamefika. Sasa hivi. Nilikuwa nanyanyuka nije kukuarifu."

Foleni ikanguruma chini kwa chini, lakini Simba alinyoosha mkono ikanyamaza. Macho yake yalikuwa yameshuka kwenye tumbo la Fisi, na hapo yakakwama.

"Nchi nzima imekonda," alisema. "Mimi mwenyewe nimekonda. Wewe unakula nini?"

Fisi alipiga hesabu haraka. Akisema anawinda, kuwinda katika nchi ya Simba bila ruhusa ni kesi. Akisema ananunua, kununua ni biashara, na leseni hana. Akatafuta neno lililo safi, la kiofisi, akalipata. Akavuta pumzi kwa nafuu.

"Sampuli, Mheshimiwa! Ni kazi tu. Sijagusa mali ya mtu hata siku moja. Hizi zote ni sampuli za waombaji."

"Sampuli za waombaji," alirudia Simba.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Waombaji gani, Fisi? Si hakuna aliyewahi kuomba?"

Fisi alifungua mdomo. Alitafuta neno jingine la kiofisi, na kilichotoka kilikuwa kicheko, kile kile, chembamba na cha kuomba radhi. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Hukumu haikuchukua muda. Fisi alivuliwa kazi palepale, akaamriwa asionje kitu cha mtu yeyote mpaka na yeye apate leseni ya kuonja. "Na foleni unaijua inaanzia wapi," alisema Simba. Fisi akaburuta tumbo lake mlima mzima kushuka mpaka mtoni, na kila aliyempita alimsalimia kwa heshima zote: "Shikamoo, Bwana Afisa."

Simba akatoa tope lake nje na kuanza kugonga muhuri kwa unyayo wake mwenyewe. Kila mwombaji alipewa leseni na hotuba. Hotuba zilikuwa ndefu, kwa hiyo foleni haikwenda mbio kama mnavyodhani, lakini ilikwenda. Wa kwanza alikuwa Mama Ngiri. Alipiga magoti, akavishwa udongo mbichi shingoni, na ndipo akakumbuka kitu kilichomchoma: leseni ameipata, cha kuuza hana. Kikapu kilikuwa kitupu, na Kishungi bado alikuwa na kiu ileile.

Akageuka akamtafuta Sungura kwa macho. Sungura alikuwa anakunja kijiwe chake kimyakimya.

"Sungura," aliita, tena kwa sauti ya kusikika. "Kile kiazi."

"Kiazi kipi, dada?"

Simba akaacha hotuba katikati na kutazama upande ule. Sungura hakungoja kuulizwa mara ya pili. Akapeleka mkono nyuma ya sikio.

"Ah, hiki! Nilikuwa nakutunzia tu, dada yangu. Nilijua kwa yule bwana hakitabaki. Kumbe hukunielewa?"

Mama Ngiri akakichukua, akateremka mlima mkia wima, akakitia kwenye mkonga wa Tembo. Tembo alitazama leseni, akatazama kiazi kile kimoja, akatazama uso wa yule mama, kisha akachota maji mengi kuliko bei. Mama Ngiri alifika nyumbani jua bado lipo. Akasahau kuingia kinyumenyume. Kishungi alikunywa, akapaliwa, akakohoa, akalia kwa hasira, na mama yake hajawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Kiangazi kiliendelea, lakini kwa wenye leseni kilivumilika. Mama Ngiri alipata shamba jingine ng'ambo ya mto na kufungua kibanda karibu na shimo la Tembo. Leseni yake ilikauka juani ikawa ngumu kama kigae, akaitundika mahali pa wazi.

Na Fisi? Fisi alipanga foleni kama raia mwingine. Tatizo lilikuwa Nyumbu. Kila Fisi alipofika mbele, Nyumbu aligonga kwato na kutoa sentensi aliyofundishwa na bosi wake wa zamani: "Mheshimiwa yuko kikaoni. Njoo kesho." Hakuwahi kumwambia mtu mwingine maneno hayo. Alihisi Fisi ndiye atakayeyafurahia.

Siku Fisi alipoipata hatimaye leseni yake ya kuonja, tumbo lilikuwa limeondoka na ngozi ilikuwa inaning'inia. Hakupitia popote. Alifuata harufu mpaka kibandani kwa Mama Ngiri, akasimama na udongo wake shingoni, mate yanamdondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Fisi."

"Leseni ninayo. Naomba kuonja."

Mama Ngiri aliikagua ile leseni bila haraka, mbele na nyuma. Ilikuwa halali kabisa. Akafukua majivu, akachagua kiazi kinono, kilichopasuka ganda, akampa. Kilipotea kabla hakijapoa. Fisi akajilamba, akasubiri, akatazama majivu yalivyojaa.

"Na kingine, mama?"

Mama Ngiri alikuwa ameshageuka kumhudumia Kobe.

"Hiyo ilikuwa sampuli," alisema. "Njoo kesho."